Vidole Vilivyokufa Asubuhi na Kufufuka Mchana

Kabla ya yote naomba mnivumilie. Mwandiko wangu umelala upande kama mahindi yaliyopigwa na mvua, na maneno mengine nitayakosea, kwa sababu nimeishia darasa la saba na Kiswahili nilikikuta shuleni. Nyumbani tunasema Kiha. Tena naandika polepole. Nikimaliza mistari kama kumi naweka kalamu chini, nakunja vidole, navikunjua, ndipo naendelea. Lakini naandika kwa mkono wangu wa kulia, na ukisoma mpaka mwisho utajua kwa nini nafurahi kusema hivyo.

Nataka kuwaeleza wenzangu ugonjwa ulionipata nikifanya kazi na mashine za kuvunja zege. Mambo ya kitabibu siyajui. Nitasema niliyoyaona na niliyoyasikia mwilini.

Naitwa Bonifasi, kwetu ni Murungu. Baba alifariki nikiwa mdogo. Naishi na Mama, kaka yangu Gervas, mke wake Yusta na mtoto wao Meri, ambaye ugonjwa wangu ulipoonekana alikuwa bado hajatambaa. Nilipata kibarua mjini Kibondo, kwenye jengo moja la zamani lililokuwa likipanuliwa. Sakafu kuukuu ya zege ilitakiwa kung'olewa, na kuta kutobolewa matundu ya mabomba na waya. Kulikuwa na jenereta na mashine mbili za umeme. Ile kubwa ilikuwa inagonga tu, ina tindo ndefu kama mkono wa mtu. Tuliiita Mzee, kwa kuwa ilikuwa nzito na ikianza kusema hainyamazi. Ndogo ilikuwa inagonga huku inazunguka, ya kutoboa matundu. Hiyo tuliiita Kichaa.

Aliyetufundisha ni Fundi Athumani, mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma ambayo hakuivua hata vumbi likiifanya nyeupe. Siku ya kwanza alituonyesha kupitisha waya nyuma ya bega ili usije ukaukata, kukagua kama umechubuka, kukausha mikono, kuvaa miwani, kufunga kitambaa puani, kusimama mguu mmoja mbele. Halafu akasema neno ambalo wote walilicheka.

"Usiibane. Ishike kama unavyomshika kuku unayempeleka kwa mgeni. Asitoroke, asife."

Alisema uzito wa mashine unatosha, wewe unaongoza tu. Tena tupokezane: mtu akifanya kazi kwa kitambo kifupi, ampe mwenzake, apumzishe mikono.

Nilisikia kwa masikio. Mikono yangu ilijua jembe tu, na kwetu anayeshika jembe kwa kulegeza huitwa mvivu mbele ya mama yake. Kwa hiyo Mzee nilimbana kwa nguvu zangu zote na kumkandamiza kwa tumbo. Zege lilivunjika, nami nikaona ndivyo inavyotakiwa. Tindo ikiwa butu mashine hutetemeka zaidi, lakini sikuomba inolewe, maana kuomba ni kumfuata Fundi na kusema mbele ya watu. Zamu yangu ikiisha sikuiachia. Wenzangu walifurahi, wakaenda kukaa kivulini na kunitania kwamba nimeoa.

Nitawaambia siri yangu. Mimi ni mtu wa haya. Mtu akiniuliza jambo, jibu hufika baada ya yeye kuondoka. Lakini Mzee akiwa ananguruma hakuna anayeweza kukuuliza kitu. Kwa hiyo niliupenda ule mshindo, nikakaa ndani yake karibu miaka miwili.

Mwanzoni ilikuwa ni jioni tu. Nikifika nyumbani mikono ilivuma, kama nyuki waliobaki mzingani baada ya kurina. Nilidhani ni uchovu. Kiangazi cha pili, baridi ya mwezi wa sita ilipoingia, nilikuwa naendesha baiskeli asubuhi kwenda mjini na usukani ni wa chuma. Siku moja nilifika, nikataka kufungua kifungo cha koti, vidole havikunijua. Nikavitazama. Kwa upande wa kiganja, kutoka ncha mpaka kiungo cha pili, vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo. Niliving'ata. Sikusikia kitu. Baadaye jua lilipopanda vikawa vyekundu, vikauma kama vimemwagiwa maji ya moto, halafu vikarudi.

Sikumwambia mtu. Ikawa hivyo kila asubuhi ya baridi.

Kilichonifichua ni moto. Asubuhi moja nilikaa jikoni kuota moto, nikasogeza sufuria ya maharage. Shemeji Yusta akanusa. Akasema kuna ngozi inaungua, akatazama kama ni mkia wa paka. Ilikuwa ni kidole changu cha shahada, nacho kilikuwa bado kimegusa sufuria. Niliinua mkono na kuutazama kama mkono wa jirani. Mama aliona. Yusta aliona. Yusta alimchukua Meri mgongoni, akatoka nje.

Kwetu ugonjwa ule hautajwi. Watu husema "ugonjwa mkubwa" ule unaokula vidole, na kuangalia pembeni. Lakini kila mtu anajua dalili ya kwanza: unaungua na husikii.

Siku ile jioni Mama alinipakulia peke yangu katika bakuli la bati la buluu. Siku zote mimi na Gervas tulikula sahani moja. Mama alisema ni kwa sababu nachelewa kurudi kutoka kazini. Sikuwa nimechelewa. Gervas alikula haraka na kuinamisha kichwa. Kesho yake bakuli likawa lile lile, na likaoshwa peke yake. Mwezi ule jirani alipotengeneza pombe ya mtama, wanaume walikaa kuzunguka chungu na kila mmoja na mrija wake, mimi nikapewa kibuyu, nikanywea mlangoni. Na Meri, ambaye alikuwa amezoea kulala kifuani kwangu, sikupewa tena. Alinyoosha mikono, Yusta akamgeuza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliona kwamba nikiugua kweli, nitaishi kwa hao hao wanaonipenda, na mlangoni.

Kwa hiyo nilizidisha kazi, na ndipo nikafanya upumbavu mkubwa. Asubuhi vidole vilishindwa kuishika Kichaa, ikawa inateleza. Ninyi mnaobeba mizigo kwa baiskeli mnajua tunavyofunga: mpira wa ndani wa tairi, unauvuta, unauzungusha, hakuna kinachodondoka. Nikakata kipande cha mpira, nikaufunga mkono wangu kwenye mpini wa mashine. Nilivuta shati lifunike. Nilijiona nimevumbua jambo.

Siku ya tatu nilikuwa juu ya ngazi, natoboa ukuta wenye zege. Ndani kulikuwa na nondo ya chuma. Ncha ikainasa, ikakwama, na kwa kuwa ncha haikuweza kuzunguka, ikazunguka mashine yenyewe. Mtu ambaye hajafungwa huachia kitufe na kuiacha, basi. Mimi mpira ulikuwa umekikandamiza kitufe pamoja na kidole. Mkono ukapotoka mpaka kwenye kiwiko, nikaanguka vipandio viwili chini na Kichaa ikiwa bado imenishika. Fundi Athumani alichomoa waya. Kimya kilichofuata nilikisikia kuliko mshindo wa miaka miwili.

Aliukata ule mpira kwa kisu. Nilidhani atanipiga.

"Umejifunga kama kuni," alisema. "Kuni hazina mama, kijana. Wewe unaye."

Kisha akauona mkono vizuri, akaona kidole kilichoungua, akauliza ni nini. Nikakificha kiganjani. Akaivua kofia yake, akaivaa tena, akanipandisha nyuma ya baiskeli yake mpaka zahanati.

Kifundo cha mkono kilikuwa kimeteguka, hakikuvunjika. Walikifunga bandeji. Muuguzi alikitazama kile kidole, akakigusa kwa kalamu, akaenda kumwita mganga. Mganga akaniandikia barua ya kwenda Kasulu, siku ya kliniki ya ngozi.

Nilikwenda Kasulu kwa lori la maharage mwisho wa kiangazi, vumbi likiwa mpaka kwenye meno. Hospitalini kulikuwa na mabenchi mawili nje ya chumba namba nne. Moja lilijaa watu wamebanana. Lingine lilikuwa na mzee mmoja tu. Nilisimama ukutani. Karani alinikaribisha dirishani, akaniuliza jina, kijiji, umri.

"Kazi yako, ndugu?"

Nikasema mkulima. Kwetu ukiulizwa kazi na mtu mwenye karatasi, unasema mkulima. Baba yangu alisema hivyo, Gervas husema hivyo, na shuleni tuliambiwa ni jibu la kuonea fahari. Wala sikuona nimedanganya. Karani akaandika kwenye kadi, mkulima.

Yule mzee akaniita kwa Kiha. Jina lake Bitama, mtu wa upande wa Mabamba. Vidole vyake vilikuwa vifupi, vingine havikuwapo, na miguuni alivaa kandambili za tairi zilizokatwa kufuata umbo la nyayo zake. Alikuja kuchukua vidonge vyake. Alipiga benchi kwa kiganja.

"Kaa. Benchi halina meno."

Nikakaa kwenye ncha. Hakunisogelea. Aliniuliza habari za mvua za Murungu kana kwamba tumekutana njiani tu, na nilijikuta najibu.

Daktari alikuwa mgeni kutoka Mbeya, mtu wa sauti ndogo. Alinifumbisha macho, akawa ananigusa kwa pamba nami niseme ananigusa wapi. Halafu sindano. Ilikuwa saa saba mchana na jua kali, mikono ilikuwa na joto, nikajibu karibu yote. Lakini ncha za vidole viwili hazikusikia pamba. Alinishika kiwiko kwa ndani, akapapasa nyuma ya masikio, akakwangua kidogo ngozi ya sikio na kuipaka kwenye kipande cha kioo cha kupimia. Akasema hawezi kusema leo. Nirudi baada ya wiki nne.

Wiki nne zile niliishi kama mtu aliyesimama mguu mmoja. Mvua za kwanza zilifika, watu wakapanda maharage, nami nikapanda kwa mkono wa kushoto. Kazini sikwenda. Bakuli la buluu lilibaki la kwangu. Siku moja nilimkuta Mama amelishika bila kitu ndani, amekaa nalo mapajani. Nikarudi nyuma kabla hajaniona. Gervas aliniambia kwa mzunguko kwamba kuna shamba la baba mbali kidogo, karibu na mto, mtu anaweza kujenga nyumba ndogo pale. Alisema udongo wake ni mzuri. Hakuniangalia, na machozi yalikuwa yanamtoka. Nilimwambia nitafikiri.

Siku ya kurudi Kasulu ilinyesha. Nililoa juu ya lori, upepo ukanipiga, na nilipofika kwenye benchi vidole vyote vya mkono wa kulia na vitatu vya kushoto vilikuwa vimekufa, vyeupe kabisa. Nikavificha kwapani. Mzee Bitama alikuwapo. Akaniambia nimwonyeshe, kwa kuwa yeye hawezi kuogopa mkono wa mtu. Nikavitoa. Akavitazama muda mrefu. Karani alikuwa anaita majina, watu wanaingia na kutoka, na mawingu yakaanza kuachana. Jua likafika kwenye benchi letu. Vidole vikaanza kuwa vyekundu kutoka chini kwenda juu, nikauma meno kwa maumivu.

Mzee Bitama akasogea karibu.

"Mwana wanje, mwanangu," akasema, "vidole hufanya hivi kila siku? Huondoka na kurudi?"

Nikasema kila penye baridi.

"Vyangu vilipokufa havikurudi hata siku moja. Umemwambia daktari?"

Nikasema hakuniuliza. Akaniambia niingie nikaseme. Nikamwambia siwezi kusema, ulimi wangu hufungwa mbele ya watu wakubwa. Jina langu likaitwa. Yule mzee akainuka kwa fimbo yake, akaingia na mimi.

Daktari alikuwa ameshika majibu. Alisema hawakuona vijidudu kwenye kioo, lakini kuna namna nyingine ya ukoma ambayo vijidudu vyake havionekani hivyo, kwa hiyo bado ana shaka. Mzee Bitama akamwomba ruhusa, akamweleza alichokiona kwenye benchi. Daktari akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akachukua kadi yangu.

"Hapa umesema mkulima. Unalima na nini?"

"Jembe," nikasema.

"Mimi nimelima tangu utotoni," Mzee Bitama akasema. "Jembe hutoa malengelenge. Halifanyi vidole viende kutembea."

Wote wawili wakanitazama. Katika chumba kile hapakuwa na mshindo wa kujificha. Nilihesabu vioo vya dirisha, nikafika sita, nikasema. Nilisema habari za mashine zetu, Mzee na Kichaa, kubana, kukandamiza kwa tumbo, kutopokezana zamu, tindo butu, mpira wa baiskeli. Nilisema yote pamoja bila kupumua. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo maishani.

Daktari alimtuma muuguzi alete beseni la maji ya kisimani. Nikatia mikono. Tukakaa tukiitazama, sisi watatu na muuguzi, na vidole vikafa mbele yao kimoja kimoja, kama vilivyoamriwa. Daktari akavitoa, akavifuta, akavifunika kwa taulo mpaka vikarudi. Akavuta kiti.

"Bonifasi, huna ukoma. Ile mashine ndiyo iliyokuumiza mikono."

Alieleza kwamba mtetemo umechosha mishipa, na kwa kuwa mimi ni kijana na nimekuja mapema, itapona sana, labda si yote. Dawa ni kuiacha mashine msimu mzima na kuitunza mikono kwa joto. Nikirudi kufanya vile vile, haitapona.

Nilianza kucheka. Kisha nikamwona Mzee Bitama na vidole vyake, nikanyamaza kwa aibu.

"Cheka," akaniambia. "Mimi nililia zamani, nikamaliza."

Nyumbani nilifika na barua ya daktari. Tatizo ni kwamba msomaji wa nyumba ile ni mimi. Nikawasomea, nikaona kwenye nyuso zao kwamba wanataka kuamini na wanaogopa kwamba najisomea ninachotaka. Gervas akaichukua ile karatasi, akavaa shati safi, akaenda nayo kwa mwalimu wa shule. Alirudi anakimbia. Kaka yangu si mtu wa kukimbia. Alisimama uani, akanipiga bega kwa nguvu mpaka nikayumba. Habari za shamba la mtoni hazikutajwa tena.

Jioni Mama aliweka sahani moja. Bakuli la buluu sikuliona mpaka kesho yake. Lilikuwa nyuma ya jiko, kuku wakinywea maji.

Yusta alikawia. Simlaumu, ni mama wa mtoto. Nilimwacha. Mvua ziliendelea, nikawa napasha mikono moto asubuhi kwa tahadhari, navaa soksi za zamani mikononi nikitoka, nakanda vidole kwa samli. Mahindi yalikuwa yameshatoa ndevu siku Yusta aliponiita jikoni, akaniambia nimshike Meri ili yeye anyanyue chungu. Alisema hivyo tu, kama jambo la kila siku. Mtoto alikuwa mzito, alikuwa ameshaanza kusimama. Akakishika kile kidole chenye kovu, akakivuta ili atembee. Nikasikia anavuta. Nikasikia mpaka kucha zake.

Baada ya mavuno nilirudi kwa Fundi Athumani. Nilidhani atanipa kazi ya kubeba mchanga. Alinipa Mzee, ile mashine kubwa, lakini akasimama nyuma yangu, mikono yake juu ya yangu, akawa ananigonga vidole kila nikibana. Nilijifunza upya. Naipasha mikono kabla ya kuanza, navaa glavu kavu. Tindo ikiwa butu nasema, kwa sauti. Nagonga ukuta kwanza na kusikiliza palipo na nondo. Ncha ikikwama naachia kitufe mara moja, nachomoa waya, ndipo naikwamua. Zamu ikiisha nampa mwenzangu hata akinuna. Cha ajabu, zege linavunjika vile vile, na jioni naweza kushika kikombe.

Sijapona kabisa. Asubuhi za baridi kidole cha mwisho bado huondoka kidogo. Nakingoja, kinarudi. Nikipita Kasulu siku ya kliniki hukaa kwenye lile benchi lenye nafasi na Mzee Bitama, na sikai tena kwenye ncha.

Nawaomba ninyi mnaofanya kazi na mashine za namna hii, msiyafiche maumivu kama mimi. Ukiulizwa kazi yako hospitalini, taja na chuma unachoshika. Na kama vidole vyako huwa vyeupe asubuhi na kurudi mchana, au kama umewahi kupewa bakuli lako peke yako, niandikie kwa kupitia mhariri aliyenikubalia nafasi hii. Usiogope makosa ya maandishi, umeshaona ya kwangu. Nitasoma polepole, na jibu litachelewa, lakini nitaliandika mwenyewe kwa mkono huu.